Maji yanakuja au yanakwenda? Grafu ndogo zinazochorwa kwa maandishi

Makala ya Sayansi na Teknolojia
Kutoka Sydney, Australia

Leo tutaitazama njia moja ya kuchora grafu bila picha, bila rangi na bila programu za gharama kubwa. Ni grafu inayoandikwa kwa alama za maandishi, ndani ya mstari mmoja, na haizidi urefu wa neno. Wewe unayetusikiliza redioni, chukua kalamu na karatasi. Wewe unayesoma katika tovuti yetu, utajionea mwenyewe michoro hiyo.

Swali la mama mmoja

Mwezi Julai mwaka 2022 mvua kubwa zilinyesha katika eneo la Sydney, na mto Hawkesbury, upitao kaskazini magharibi mwa jiji, ukafurika. Katika mji wa Windsor maji yalifikia kilele cha karibu mita 13.9. Machi mwaka huohuo yalikuwa yamefikia mita 13.8, na Machi 2021 karibu mita 12.9. Mafuriko makubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa katika mji huo ni ya mwaka 1867, ambapo maji yalipanda hadi karibu mita 19.7.

Katika siku hizo za Julai nilikuwa nikisoma hewani vipimo vya mto kama vilivyotolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Australia. Siku moja nilisema kwamba mto umefika mita 9, nikaendelea na habari nyingine. Baada ya matangazo nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye asili ya Burundi, anayeishi magharibi mwa Sydney na kutusikiliza kwa njia ya mtandao. Jamaa zake walikuwa wakiishi karibu na mto. Baada ya salamu aliniuliza: "Mwanangu, umetuambia mita 9. Sasa hayo maji yanakuja au yanakwenda?"

Sikuwa na jibu. Karatasi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na namba moja tu, na mimi niliyeisoma sikuwa nimejiuliza ilikotoka. Nilikuwa nimesema ukweli, lakini ukweli huo haukumsaidia mtu aliyetaka kujua kama afungashe vitu vyake au alale.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hapa kuna mito miwili, na kila mmoja umepimwa mara 6 katika siku moja. Mto wa kwanza ulikuwa mita 4, kisha 5, 6, 7, 8, na sasa 9. Mto wa pili ulikuwa mita 14, kisha 13, 12, 11, 10, na sasa 9. Atakayetangaza kipimo cha mwisho peke yake atasema neno lilelile kuhusu mito yote miwili: mita 9. Sasa tazama mito hiyo ikichorwa:

Mto wa kwanza: ▁▂▃▅▆█ mita 9
Mto wa pili: █▆▅▃▂▁ mita 9

Huhitaji kuelezwa ni wapi watu wanapaswa kuhama. Nikiwasimulia wasikilizaji wa redio, mchoro wa kwanza ni ngazi inayopanda na wa pili ni ngazi inayoshuka. Kila hatua ya ngazi imejengwa kwa alama moja, na kila alama imechukua nafasi ya herufi moja.

Dirisha jeusi

Niliifahamu michoro hii kwa kuonyeshwa na kijana mmoja wa Kitanzania afanyaye kazi ya kutunza mitambo ya kompyuta hapa Sydney. Nilipomsimulia kisa cha yule mama, alifungua katika kompyuta yake dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe vya kubonyeza, lenye mstari wa maandishi tu unaosubiri kuamriwa. Akaandika neno moja, akafuatisha namba kadhaa, akabonyeza kitufe cha kumalizia. Papo hapo, chini ya amri yake, grafu ikatokea.

Dirisha hilo huitwa terminali. Mtumiaji huandika amri kwa maneno, na kompyuta humjibu kwa maneno. Hivyo ndivyo watu walivyozungumza na kompyuta kabla ya kuenea kwa puku na madirisha ya picha, na mafundi wengi wangali wakifanya hivyo hadi leo. Sababu yao si ushamba. Mtambo wanaoutunza huenda uko katika mji mwingine au bara jingine, na njia nyepesi ya kuufikia ni kupeleka na kupokea maandishi. Mahali ambapo mtandao ni wa kusuasua, picha hukwama njiani, lakini mstari wa maandishi hupita.

Sydney na mfumo wa Unix

Jiji hili lina nafasi yake katika historia ya dirisha hilo. Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta uliokuja kuitwa Unix. Wazo lao lilikuwa kwamba programu moja ifanye kazi moja ndogo na kuifanya vizuri, kisha itoe maandishi ambayo programu nyingine itayapokea. Mwaka 1973, kwa msukumo wa mwenzao Douglas McIlroy, mfumo huo ulipata kile kinachoitwa bomba: njia ya kuyaelekeza matokeo ya programu moja yaingie moja kwa moja katika programu nyingine, kama maji yapitavyo kutoka chombo hadi chombo.

Katika miaka ya 1970 mfumo huo ulifika katika Chuo Kikuu cha New South Wales, hapa Sydney. Mhadhiri mmoja wa chuo hicho, John Lions, aliona kwamba wanafunzi wake wangejifunza vyema zaidi kwa kusoma programu halisi kuliko kwa kusoma habari za programu. Katika miaka ya 1976 na 1977 aliandaa vitabu viwili: kimoja chenye maandishi yenyewe ya kiini cha Unix, yapatayo mistari 9,000, na kingine chenye ufafanuzi wake. Baadaye masharti ya leseni yalipiga marufuku kuyatumia maandishi hayo darasani, na kwa miaka mingi vitabu hivyo vilisafiri ulimwenguni kwa kunakiliwa kwa mashine, nakala ya nakala, kutoka mkono hadi mkono. Vilichapishwa rasmi na kwa halali mwaka 1996, miaka miwili kabla ya Lions kufariki dunia.

Nimeitaja historia hii kwa sababu programu inayochora grafu hizi ni mtoto wa wazo hilohilo. Haijui chochote kuhusu mvua, mito wala bei za mahindi. Inajua kupokea namba na kutoa alama. Programu ya kwanza husoma faili la vipimo, ya pili huchagua safu inayotakiwa, na ya tatu, mwisho wa bomba, huchora.

Ukubwa wa neno

Fikra ya kuyageuza maumbo kuwa lugha ya namba ni ya zamani kuliko kompyuta. William Playfair, mzaliwa wa Scotland, alichapisha mwaka 1786 kitabu kilichoonyesha biashara ya nje ya Uingereza kwa mistari inayopanda na kushuka. Mwaka 1977 mtaalamu wa takwimu wa Marekani, John Tukey, alichapisha kitabu kilichowahimiza wasomaji kuzichunguza namba zao kwa kalamu na karatasi. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kuzipanga tarakimu zenyewe katika safu, kiasi kwamba urefu wa kila safu ulionyesha namba nyingi zimerundikana wapi. Hapo maandishi yenyewe yalikuwa yamekwisha kuwa grafu.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na Edward Tufte, profesa wa Marekani ambaye ameandika vitabu mashuhuri kuhusu namna ya kuonyesha takwimu. Katika kitabu chake cha mwaka 2006 alipendekeza grafu iwe ndogo kama neno na iketi ndani ya sentensi, kando ya namba inayohusika. Jina alilolitoa kwa Kiingereza lina maana ya mstari wa cheche. Mwaka 2010 programu ya Excel ya kampuni ya Microsoft iliongezewa uwezo wa kuchora grafu za namna hiyo ndani ya kisanduku kimoja cha jedwali.

Mwaka 2011 Mmarekani Zach Holman alitoa bure programu ndogo sana iitwayo spark, iliyolileta wazo hilo katika terminali. Badala ya kuchora picha, programu hiyo hutumia alama 8 zilizokuwamo tayari katika Unicode, yaani orodha ya kimataifa ya herufi na alama za kompyuta. Alama zenyewe ni hizi:

▁▂▃▄▅▆▇█

Mimi huziita vitofali. Cha kwanza ni chembamba kama ukoko ulioachwa chini ya sufuria. Cha nane kinajaza nafasi yote ya herufi. Programu hutafuta namba ndogo na namba kubwa katika orodha uliyoipa. Ndogo huipa kitofali cha kwanza, kubwa huipa cha nane, na zilizobaki huzigawia vitofali kulingana na ukubwa wake. Kazi yote ni hiyo.

Miji miwili, mvua moja

Tuijaribu sasa kazi hiyo kwa takwimu za kweli. Katika eneo la Observatory Hill, karibu na daraja mashuhuri la bandari ya Sydney, mvua imekuwa ikipimwa tangu mwaka 1858. Wastani wa miaka 1991 hadi 2020, kuanzia Januari hadi Desemba, kwa milimita zilizokadiriwa kuwa namba nzima, ni huu: 91, 132, 118, 114, 101, 142, 80, 75, 63, 68, 91 na 73.

Kwa Dar es Salaam, wastani wa miaka 1971 hadi 2000 uliochapishwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni: 76, 55, 138, 254, 198, 43, 26, 24, 23, 69, 126 na 118.

Zijumlishe namba za kila mji. Utaona kwamba Sydney hupata karibu milimita 1,150 kwa mwaka, na Dar es Salaam vilevile karibu milimita 1,150. Mtu aliyepewa namba hizo mbili peke yake angesema kwamba miji hii miwili, iliyotenganishwa na bahari nzima ya Hindi, ina mvua sawa. Mkulima hawezi kudanganywa hivyo, wala mama mwenye nyumba ya bondeni. Wao hujua kwamba mvua haihesabiwi kwa wingi wake tu, bali pia kwa majira yake.

Katika terminali tunaandika hivi:

spark 91 132 118 114 101 142 80 75 63 68 91 73

Na kompyuta inatujibu:

Sydney: ▃▇▅▅▄█▂▂▁▁▃▁

Tukifanya hivyo kwa namba za mji wa pili tunapata:

Dar es Salaam: ▂▁▄█▆▁▁▁▁▂▄▃

Utazame mstari wa Dar es Salaam. Mnara wa Aprili ndio masika. Uwanda mtupu wa Juni hadi Septemba ndio kiangazi, pamoja na kipupwe chake. Kilima kidogo cha Novemba ni vuli. Mtoto aliyezaliwa pwani atautambua mwaka wake katika alama hizo 12 bila kuambiwa jina la mji.

Kipimo kinapodanganya

Hata hivyo, mpenzi msikilizaji, mistari hiyo miwili imetudanganya, na nimeiacha makusudi ili tuone jinsi udanganyifu huo unavyotokea.

Ukiiweka pamoja, mstari wa Sydney unaonekana kuwa na misukosuko sawa na wa Dar es Salaam: nao una mnara mrefu, nao una uwanda. Lakini kila mstari umechorwa kwa kipimo chake. Kwa Sydney kitofali cha nane kina maana ya milimita 142. Kwa Dar es Salaam kina maana ya milimita 254. Kitofali cha kwanza kwa Sydney ni milimita 63, mvua ambayo Dar es Salaam isingeiita kiangazi hata kidogo. Programu haikukosea, ilifanya ilichoamriwa. Kosa ni la anayeiweka mistari hiyo bega kwa bega na kuwaachia wasomaji waamini kwamba urefu sawa ni mvua sawa.

Dawa yake ni kipimo kimoja kwa wote, na hapa ndipo kalamu yako inapohitajika. Tuseme kila kitofali kina uzito wa milimita 32. Kuanzia 0 hadi 31 ni kitofali cha kwanza, 32 hadi 63 cha pili, na kadhalika hadi cha nane. Gawanya kila namba kwa 32, chukua namba nzima, kisha ongeza 1. Kwa mfano Juni ya Sydney: 142 ukigawanya kwa 32 unapata 4 na masalio, ongeza 1, ni kitofali cha tano. Aprili ya Dar es Salaam: 254 kwa 32 ni 7 na masalio, ongeza 1, ni cha nane. Ukimaliza miezi yote utapata hivi:

Sydney: ▃▅▄▄▄▅▃▃▂▃▃▃
Dar es Salaam: ▃▂▅█▇▂▁▁▁▃▄▄

Sasa miji imesema kweli. Sydney ina mvua inayotawanyika mwaka mzima, ikipanda kidogo na kushuka kidogo. Dar es Salaam ina misimu. Namba ni zilezile. Tumebadilisha kipimo tu.

Hata mchoro huu una mipaka yake. Vitofali ni 8 tu, na kila kimoja hubeba namba nyingi. Katika mchoro wa kwanza wa Dar es Salaam, Juni yenye milimita 43 na Septemba yenye milimita 23 zilipewa kitofali kimoja, ingawa Juni ina karibu mara mbili ya mvua ya Septemba. Tena wastani wa miaka 30 huficha miaka ya ajabu. Mwaka 2022 Sydney ilipata zaidi ya milimita 2,500 za mvua, na tarehe 6 Oktoba ya mwaka huo ilikuwa tayari imeivuka rekodi ya milimita 2,194 iliyowekwa mwaka 1950. Mwaka huo haumo katika mstari niliouchora. Grafu hizi humwonyesha mtu mwelekeo na umbo. Anayetaka kiasi kamili sharti arejee kwenye namba.

Siku kipimo kinapokatika

Kuna hatari nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Kipimo cha mto ni chombo kilichowekwa ndani ya maji, na mafuriko yanaweza kukivunja au kukata mawasiliano yake. Hapo faili la vipimo huwa na nafasi tupu. Mwandishi wa programu asiyekuwa mwangalifu huihesabu nafasi hiyo kuwa sifuri, na sifuri huchorwa kwa kitofali kifupi kuliko vyote. Saa ileile ambayo maji ni makali hata chombo kimeshindwa, grafu itaonyesha kwamba mto umekauka.

Kwa sababu hiyo wachoraji waangalifu huacha pengo, au huweka alama ya kuuliza mahali pasipo na kipimo. Kutokujua na sifuri si kitu kimoja. Ni kanuni iwafaayo wanahabari pia: ukikosa habari, sema kwamba umeikosa, usiseme kwamba hapakuwa na jambo.

Jinja, Kisumu na simu ya mkononi

Huenda mtu akauliza: haya yanatuhusu nini sisi tuliozoea simu za mkononi, tusiokuwa na dirisha jeusi la mafundi? Yanatuhusu, kwa kuwa maji yetu nayo hutangazwa kwa namba. Kina cha Ziwa Victoria hupimwa Jinja, nchini Uganda. Mwezi Mei mwaka 2020 kipimo kilisoma mita 13.42, na watu wengi waliokaa kandokando ya ziwa, Uganda, Kenya na Tanzania, wakapoteza makazi na mashamba. Namba hiyo inapata uzito wake pale tu inapowekwa karibu na historia yake: mwaka 1964, baada ya ziwa kupanda kwa zaidi ya mita 2 katika muda wa miaka michache, kipimo kilikuwa kimesoma mita 13.41. Tofauti ni sentimita 1. Mvuvi wa Kisumu aliyeelezwa mita 13.42 peke yake hajaelezwa kitu. Aonyeshwe mstari wa miezi 12 iliyotangulia, naye atajua aivute mashua yake hadi wapi.

Mstari huo unaweza kusafiri kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa kuwa ni maandishi matupu. Alama 12 za grafu ya mwaka huchukua baiti 36 katika mfumo wa kawaida wa kuhifadhi maandishi, wakati picha ya grafu hiyohiyo inaweza kuchukua maelfu mengi ya baiti. Lakini kuna gharama ambayo ni vizuri ijulikane. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160 za kawaida. Ukiingiza ndani yake hata kitofali kimoja, simu hulazimika kutumia mfumo mwingine wa herufi, na nafasi inapungua hadi herufi 70. Kadhalika simu za zamani huenda zisivijue vitofali hivyo na zikaonyesha visanduku vitupu. Kwa simu hizo ni afadhali kutumia tarakimu 1 hadi 8 badala ya vitofali. Mto wa kwanza wa mfano wetu utasomeka 123568, na wa pili 865321. Umbo halionekani upesi hivyo, lakini mwelekeo unasomeka.

Tusiwasahau pia wenzetu wasioona. Programu zinazowasomea maandishi ya skrini kwa sauti huenda zikakitaja kila kitofali kwa jina lake refu la Kiingereza, kimoja baada ya kimoja, mpaka msikilizaji apoteze maana, au zikaviruka vyote. Kando ya grafu lazima iwepo sentensi: mto umepanda kutoka mita 4 hadi mita 9 tangu asubuhi. Sentensi hiyo si pambo. Kwa wengine ndiyo grafu yenyewe.

Mambo manne ya kuandika

Kwa ufupi, atakayependa kutumia grafu hizi, iwe kwa mvua ya shambani, bei za sokoni, mahudhurio ya shuleni au wagonjwa wa zahanati, aandike mambo manne kando ya kila mstari: kinachopimwa na kwa kipimo gani, kuanzia lini hadi lini, namba ndogo na namba kubwa, na kipimo cha mwisho. Kwa mfano:

Mvua ya Dar es Salaam, wastani, Januari hadi Desemba, milimita: ndogo 23 ▂▁▄█▆▁▁▁▁▂▄▃ kubwa 254, mwisho 118

Mstari huo utasomeka hata baada ya miaka 20, na mtu ambaye hakuwepo ulipochorwa. Na kama mistari ni zaidi ya mmoja na inalinganishwa, yote ichorwe kwa kipimo kimoja.

Mimi mwenyewe, kazi yangu ni redio, na redio haina mahali pa kuchora kitofali. Lakini tangu siku ile ya Julai sijasoma tena kipimo cha mto kikiwa peke yake. Huandika kwanza kigrafu katika karatasi yangu ya matangazo, kwa mkono, vitofali 6 au 8, kisha husoma ninachokiona: mto ulikuwa wapi alfajiri, uko wapi sasa, na unaelekea wapi. Inaniongezea sekunde 10 katika taarifa. Yule mama nilimpigia simu jioni ileile, baada ya kuvitafuta vipimo vya saa zilizotangulia. Nilimwambia kwamba maji yalikuwa yanakuja. Alinishukuru kwa haraka na kukata simu, kwa kuwa alikuwa na watu wengine wa kuwapigia.

Namba ukiisikia, ya mvua, ya bei au ya ugonjwa, usisite kuuliza ilikotoka.